Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Mashaka ya Kununua Jina la Tovuti Lililokwisha Kutumika

Wazee wetu wa pwani hawakununua nyumba kwa kutazama kuta peke yake. Mtu akiambiwa kuna nyumba inauzwa, kwanza alikwenda kuketi barazani kwa jirani, akanywa kahawa yake taratibu, kisha akauliza: Nani alikuwa akikaa hapa? Kwa nini alihama? Nyumba hii ni milki ya mtu au ni wakfu? Wako waliotoa fedha zao zote, wakaanza na kupaka chokaa, halafu akatokea mtu na hati inayoonyesha kwamba kiwanja kile ni wakfu wa msikiti, hakiuzwi wala hakirithiwi. Ndipo watu wakasema kuuliza si ujinga.

Mimi nimelelewa katika mila hiyo, na juu ya hayo nilinunua bila kuuliza. Sikununua nyumba wala kiwanja. Nilinunua jina. Nakieleza kisa hiki, msomaji, si kwa kujisifu, maana hakina sifa ndani yake. Nakieleza kwa sababu siku hizi kila msikiti, kila madrasa, kila mwenye duka la halwa au la kofia ataka kuwa na jina lake katika intaneti, na nachelea kwamba wengi watatumbukia katika shimo nililotumbukia mimi.

JINA LENYE UMRI

Mimi ni katibu wa kamati ya madrasa moja ya mtaani kwetu, Mombasa. Mwezi wa Rajab, mwanzoni mwa mwaka 2023, boriti za paa la madrasa zilikuwa zimeoza, na masika yalikuwa njiani. Kamati ikakata shauri kuwaandikia wanafunzi wa zamani, ambao wengi wao wako Muscat, Dubai, Jeddah na Uingereza, wasaidie kwa watakachojaaliwa kabla ya Ramadhan kwisha. Kwa hiyo tulihitaji tovuti na anwani ya barua pepe.

Mpwa wangu, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta, ndiye aliyepewa kazi hiyo. Akanijia na habari aliyoiona kuwa njema. "Mjomba," alisema, "tusichukue jina jipya. Liko jina moja mnadani, lina umri wa miaka 14. Google yalijua na yaliheshimu. Tukilishika hilo tutaanzia juu, hatutaanzia chini kama wengine."

Jina jipya lingetugharimu dola kumi na kitu kwa mwaka. Hili lilitakiwa dola 300, karibu shilingi 37,500 kwa wakati ule. Lakini lilikuwa jina zuri, fupi, lenye neno la nuru ndani yake, na mwisho wake ni ile .com inayojulikana na kila mtu.

Maalim wetu, mzee aliyewafundisha baba na wana katika mtaa ule, aliuliza swali moja tu: "Huyo aliyekuwa nalo, kwa nini aliliacha?"

Mpwa wangu akajibu kwamba labda alisahau kulipa. Nami, kwa haraka zangu, nikaongeza: "Maalim, wakati hatunao." Basi kamati ikakubali, na fedha zikatoka.

KIKOA

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze jina la tovuti ni kitu gani. Kila kompyuta iliyomo katika intaneti ina nambari yake, na nambari hazikariri kichwani. Mwaka 1983 ulibuniwa mpango wa kuzipa nambari hizo majina, na jina la kwanza la .com lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Leo majina ya .com peke yake yamepita milioni 150. Hapa Kenya tuna majina yetu yanayoishia na .ke, nayo yasimamiwa na shirika liitwalo KeNIC.

Wataalamu wengine huyaita majina haya domeni, na wengine huyaita vikoa. Hilo la pili humchekesha Mswahili wa pwani, maana sisi kikoa twakijua kuwa ni chakula cha watu kula pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Lakini ukifikiri sana, neno si baya. Jina la tovuti nalo ni sinia ambayo huenda wengine wamekula kabla yako, nawe hujui walikula nini.

Watu husema wamenunua jina, lakini kwa hakika wamelikodi. Hulipiwa mwaka hata mwaka. Mwenyewe asipolipa, jina la .com halipotei siku ile ile. Msajili aweza kumngojea hadi siku 45, kisha hupewa siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, halafu jina hukaa siku 5 likingoja kufutwa. Baada ya hapo liko huru, na yeyote aweza kulitwaa. Wako wafanyabiashara walioweka mitambo ya kuyadaka majina ya namna hii katika dakika ile ile yanapoachiliwa, ili wayauze. Ndivyo jina letu lilivyofika mnadani.

SIMU YA MUSCAT

Mwezi wa Shaaban tulipeleka barua pepe 412. Tukangoja. Wiki mbili zikapita, tukapata majibu tisa. Nikaona watu wametusahau na, Mungu anisamehe, nikawasema vibaya.

Ramadhan ikaingia. Usiku wa tatu, baada ya tarawehe, Maalim alipigiwa simu kutoka Muscat na mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kazi ya ofisi. Huyu hakuwa amepata barua yetu. Jina la tovuti alipewa na nduguye aliyeko Mombasa. Mchana ule alikuwa ameliandika katika kompyuta ya ofisini, wenzake wamemzunguka, ili awaonyeshe madrasa aliyosoma utotoni. Badala ya madrasa likatokea tangazo kwamba ukurasa huo umezuiliwa kwa kuwa ni wa kamari.

"Maalim," alisema kwa sauti ya chini, "mimi najua nyinyi si watu wa mambo hayo. Lakini mbona mmenitahayarisha mbele za watu?"

Maalim alikuja nyumbani kwangu usiku ule ule, simu ingali mkononi. Nikamwita mpwa wangu. Alipoitafuta tovuti yetu katika Google, chini ya jina la madrasa yalitokea maneno ya zamani ambayo mtambo ule ulikuwa haujayasahau: mashine za kamari, zawadi kwa mchezaji mpya, yote kwa lugha ya Kiindonesia. Maalim alivaa miwani akatazama, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza: "Na jina hili tumelichapisha katika stakabadhi?"

Nikamjibu kwamba tumelichapisha. Stakabadhi 200 zilikwisha kugawanywa misikitini.

Baada ya siku chache maneno yakaenea. Barazani mtu mmoja aliuliza, kwa mzaha wenye miiba, kama paa la madrasa litaezekwa kwa fedha za kamari. Mwekahazina wetu aliyashika mapato ya madrasa miaka 19 bila senti moja kupotea. Aliposikia maneno hayo alileta daftari zake zote, akazipanga mbele ya kamati na kusema anajiuzulu. Hilo liliniuma kuliko shilingi 37,500, kwa sababu yeye hakuwa na habari ya jina lile. Aliyesema wakati hatunao ni mimi.

DAFTARI ZA WATU

Ndipo tukafanya tulichopaswa kufanya mwanzo. Liko shirika la Marekani liitwalo Internet Archive, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo kazi yake ni kuhifadhi nakala za kurasa za intaneti. Tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuzitazama nakala hizo bila kulipa, kwa chombo kinachoitwa Wayback Machine. Waandika jina la tovuti, wachagua mwaka, nawe waona ilivyokuwa.

Tukaandika jina letu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 lilikuwa la skuli ndogo ya nchi za mbali, yenye picha za watoto waliosimama safu na mwalimu wao pembeni. Mwaka 2015 na 2016 hapakuwa na kitu. Kuanzia mwaka 2017 ikawa kamari tupu, hadi mwaka 2021. Maalim aliitazama sana ile picha ya watoto. "Hawa nao walikuwa watu wa ilimu," akasema.

Basi nikaelewa mambo yalivyo. Jina likiisha muda hufutwa katika daftari moja tu, nalo ni lile la msajili. Daftari nyingine zote za dunia hubaki vile vile, na mwenye jina jipya hurithi deni asilolikopa.

Daftari ya kwanza ni ya wazuiao barua taka. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa mwaka 1998, huweka orodha ya majina yaliyotumiwa kupeleka barua za ulaghai, na wenye mitambo ya barua pepe ulimwenguni huitazama orodha hiyo na nyingine kama hiyo kabla ya kuipokea barua. Jina likiwa na sifa mbaya, barua hutupwa katika kapu la taka au hukataliwa mlangoni, na aliyeipeleka huenda asiambiwe. Ndiyo maana majibu yetu yalikuwa tisa. Watu hawakutusahau, ila hawakuziona barua.

Daftari ya pili ni ya wazuiao kurasa. Maofisi, skuli na nchi nzima, Oman na Falme za Kiarabu zikiwamo, huzuia tovuti za kamari na za uchafu. Wapo watu wa kazi hiyo ambao huzigawa tovuti mafungu: hii ya habari, hii ya dini, hii ya kamari. Ukiwekwa fungu la kamari, wakaa humo mpaka ujitokeze kuomba uondolewe, na kila mwenye orodha yafaa aombwe peke yake.

Daftari ya tatu ni ya Google. Tovuti iliyofanya hila yaweza kushushwa au kufichwa kabisa, na adhabu hiyo yaweza kumfuata mwenye jina jipya. Zaidi ya hayo, mwezi wa Machi 2024 Google ilitangaza kwamba kununua jina lililokwisha muda ili kuitumia sifa yake ya zamani kupandisha kurasa zisizo na faida kwa msomaji ni hila itakayoadhibiwa. Kulitumia jina la zamani kwa kazi mpya ya kweli hakukatazwi. Lakini ile hoja ya mpwa wangu, kwamba tutaanzia juu kwa heshima ya mwingine, ndiyo hasa wanayoitazama kwa jicho kali. Wazee walikwisha kutuonya: usisafirie nyota ya mwenzio.

BARUA ZISIZO ZETU

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Kijana alikuwa ameutengeneza mtambo wetu upokee kila barua inayotumwa kwa jina lile, hata ikiandikiwa mtu tusiyemjua. Zikaanza kuingia barua za wengine. Nyingine zilikuwa za watu waliopoteza fedha zao katika kamari, wakidai na kulaani. Nyingine, kwa ajabu yangu, zilikuwa za ile skuli ya zamani, na moja ilieleza jinsi ya kubadili neno la siri la akaunti fulani.

Hatari hii si ndogo. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa usalama nchini Australia, Gabor Szathmari, alionyesha kwamba mtu akiyatwaa majina yaliyoachwa na ofisi za mawakili zilizofungwa au kuungana na nyingine, huanza kupokea barua za siri za wateja wao. Akiwa mbaya, aweza kuzifungulia akaunti zote zilizokuwa zimefungwa kwa anwani zile. Kwa hiyo anayenunua jina hupokea pamoja nalo amana za watu, na anayeliacha jina lake huzitupa amana zake barabarani.

Maalim alisema barua ya mtu haifunguliwi, hata kama imetupwa mlangoni pako. Tuliifunga njia ile, tukazifuta barua bila kuzisoma.

AIBU YA BIDHAA

Neno aibu kwetu ni haya na fedheha, lakini katika vitabu vya fikihi ni ila iliyomo katika kitu kinachouzwa. Sote tumefunzwa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono wake katika lundo la chakula sokoni akakuta umaji ndani yake, akamkemea mwenye kuuza kwa kuuficha. Muuzaji apaswa kuisema aibu aijuayo. Na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, ana haki ya kurudisha, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi yampasa afanye hivyo mara moja, asikawie wala asiendelee kukitumia.

Tulimwandikia aliyetuuzia. Akajibu kwa mistari miwili kwamba jina liliuzwa kama lilivyo, na kwamba kulichunguza ni kazi ya mnunuzi. Sheria za mnada wake zilisema hivyo, nasi tulikuwa tumezikubali bila kuzisoma. Fedha hazikurudi.

Mpwa wangu akatoa shauri kwamba tuliuze jina kwa mwingine tupunguze hasara. Maalim akamwuliza: "Utamwambia lilikuwa la kamari?" Kijana akasema akimwambia hatalinunua. "Basi umekwisha kujijibu," Maalim akasema.

Kuliacha life nako kulikuwa na hatari yake. Jina lilikuwa limechapishwa katika stakabadhi zetu, na tukiliachia lingedakwa tena. Mfano upo. The Hairpin ilikuwa tovuti ya Marekani iliyopendwa na wanawake wengi kwa makala yake, nayo ilifungwa mwaka 2018. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilionekana kwamba jina lake limetwaliwa na mtu mwingine, akalijaza makala yaliyotungwa na mashine, na baadhi ya makala ya zamani kuondolewa majina ya waandishi wake na kubandikwa majina mengine. Fikiri, msomaji, hayo yafanywe kwa jina la madrasa.

Kwa hiyo tulichukua jina jipya kabisa linaloishia na .or.ke, kwa bei isiyofika shilingi 2,000. Na lile la zamani twalilipia kila mwaka ingawa hatulitumii. Limewekwa mstari mmoja tu, usemao kwamba madrasa imehama na kwamba haina uhusiano wowote na waliolitumia jina hili kabla yake.

MASWALI YA BARAZANI

Ukitaka kununua jina lililokwisha kutumika, yaulize maswali yale ya wazee kwanza. Nani alikaa hapa? Litazame katika Wayback Machine mwaka baada ya mwaka, usiishie ukurasa mmoja. Miaka iliyo mitupu nayo iulizie. Jina lina umri gani kweli? Katika daftari za usajili tarehe ya kuzaliwa huandikwa, na jina likifutwa kisha likasajiliwa tena hupewa tarehe mpya. La kwetu liliuzwa kwa sifa ya miaka 14, kumbe daftari yasema limezaliwa mwaka 2022.

Jirani wasemaje? Liandike katika ukurasa wa Spamhaus wa kutafutia majina, na katika ukurasa wa Google wa kuonyesha tovuti zenye hatari, kisha utafute jina lenyewe uone watu wameliandikia nini. Mwombe rafiki aliyeko Ghuba alifungue huko. Dakika moja ya rafiki yule wa Muscat ingetuokoa sote.

Je, lina mwenyewe mwingine? Jina likifanana na alama ya biashara ya kampuni, kampuni yaweza kulidai. Tangu mwaka 1999 uko utaratibu wa kimataifa wa kuamua madai hayo bila kwenda mahakamani, na mashtaka mengi husikizwa na shirika la WIPO la Geneva. Mdai yampasa athibitishe kwamba jina lafanana na alama yake, kwamba aliyenalo hana haki nalo, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Hata ukishinda, utakuwa umepoteza wakati na usingizi.

Na jina lako mwenyewe usiliache mikononi mwa mtu mmoja. Liandikishwe kwa jina la kamati, na watu wawili wapate taarifa ya kulipa. Ile skuli ya picha za watoto, huenda iliponzwa na karani mmoja aliyehama bila kumwachia mwenziwe neno la siri.

Mwekahazina wetu tulimwendea nyumbani, Maalim mbele nami nyuma, nikamwomba radhi mbele ya wanawe. Ijumaa iliyofuata nilisimama msikitini baada ya sala nikaeleza mambo yalivyokuwa, na kwamba kosa ni langu. Alirudi kazini baada ya Idi. Barua tulizipeleka upya kwa jina jipya, na mara hii watu wakajibu. Masika ya mwaka ule yalitukuta tungali chini ya paa bovu, watoto wamesogezwa upande mmoja. Ya mwaka 2024 yalitukuta chini ya mabati mapya.

Kila Rajab ikifika, mwekahazina hunipa fedha za kulilipia lile jina la zamani, nami humwandikia stakabadhi kwa mkono wangu. Hatujapata kusemezana juu yake.